Ukungu wa Mstari wa Saba

"Futa, shemeji, kabla basi halijafika mlimani," mwenye shamba alimwambia mwanamke aliyebana simu kifuani. Walikaa mbele yangu, na mtu anayenong'ona kwa hasira husikika kuliko anayepiga kelele.

Nilielewa haraka. Mwanamke ndiye anayemkagulia mizabibu. Asubuhi alipiga picha majani ya mstari wa saba, akaandika "ukungu", ule ugonjwa wa kuozesha zabibu, akabonyeza kitufe cha kuwatumia majirani wote wa bonde kwenye kundi lao. Bondeni hakuna mtandao, unapatikana mlimani tu, kwa hiyo taarifa ilikuwa bado imekwama kwenye simu yake.

"Mnunuzi naye anasoma humo. Unataka zabibu zangu zinidodee?"

"Na za jirani zioze? Ukungu haubishi hodi kwenye uzio, shemeji."

"Jirani ni nani yako? Mimi ndiye niliyemuoa dada yako!"

"Ulimuoa dada. Macho yangu hukuyaoa."

Basi lilimaliza mlima, likasimama kituoni. Simu ikalia. Wote wawili wakaitazama ya mwanamke, nayo ilikuwa kimya. Iliyolia ilikuwa yangu, mfukoni: taarifa ya ukungu ilikuwa imenifikia.

Mwenye shamba akageuka polepole.

"Ah," alisema. "Jirani."