Ng'ombe wa Mama na Mifuko Yangu

Mama mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Ndugu zangu, wote mnanijua, mimi ndiye mama wa chakula cha baridi hapa mpakani, na mnajua nina mdomo. Leo mdomo wenyewe ni mzito, mnivumilie.

Nilianza na friza moja kuukuu. Malori yalikuwa yanakaa foleni siku nne, siku tano, na madereva wamechoka kula chipsi. Nikawa napika nyama, maharage, makande, natia kwenye mifuko laini ya plastiki, nagandisha. Dereva akiruhusiwa kuondoka anabeba mifuko yake, njiani anapasha kwenye jiko lake. Kila mfuko niliufunga kwa kipande cha kitenge, chekundu nyama, kijani maharage. Usinicheke, mwenzangu, na wewe uliniiga!

Friza zikafika tatu. Nikanawiri. Mfuko ukishafunguliwa unakwenda wapi? Sikujiuliza hata siku moja.

Mama yangu alikuwa anakaa Nanyala, jirani na barabara kuu. Alikuwa na ng'ombe mmoja, aliyetoka kwenye mahari yangu mimi, na maziwa yake ndiyo yaliyomtunza yeye na watoto wawili wa marehemu kaka yetu. Alimchunga kando ya lami, pale malori yanaposimama kupumzika. Na mfuko wenye harufu ya chumvi na mchuzi, ng'ombe hauachi.

Basi akaacha kula. Tumbo likavimba, akawa analala tu, anahema. Nilipofika nikakuta wameshaamua kumchinja, na alikuwa na mimba. Jirani akapasua tumbo, akaanza kuvuta. Ndugu zangu, nawaambia, alivuta mifuko mpaka nikataka kumpigia kelele aache. Imesokotana kama kamba. Na ndani yake, vitambaa vyangu. Rangi imefifia, lakini fundo ni langu.

Mama akatikisa kichwa. "Madereva hawa, mwanangu, sijui wananunua wapi vitu hivi."

Nikamjibu, "Hata mimi sijui, mama."

Nilirudi hapa Tunduma nikashindwa kupika. Friza nikazizima, nikawaambia ni umeme. Wengine mlinipa pole ya umeme, nikaipokea! Kule Nanyala watoto walikuwa wanakunywa chai ya rangi. Kila nilipokwenda kumwona mama nilijiapiza nitamwambia, nikifika napeleka sukari, nazungumzia mvua, naondoka. Kabla ya mavuno aliugua, akafariki. Nilimlilia sana, na nusu ya kilio kile mimi mwenyewe ndiye niliyejua ni cha nini.

Siku moja akaja dereva mmoja wa Tanga, mteja wangu wa siku nyingi, Mwislamu mwenye heshima zake. Akauliza mbona jiko limelala. Sijui kwa nini, nikamwambia yote. Akasema, "Dada, nitilie kwenye bakuli lenye mfuniko. Mimi hapa napita kila mara, nitakurudishia. Na wenzangu nitawabana."

Nilimpa mabakuli saba. Yalirudi saba, yameoshwa, yananukia sabuni. Nikakaa chini nikalia.

Ndivyo nilivyosimama tena. Mengine hayarudi, siwadanganyi, na madereva wengine wananitukana. Lakini mfuko kwangu hautoki. Namshukuru kaka yule, na ninyi mlioacha mifuko bila hata kujua kilichonisukuma. Ukiuza chakula, ujue na chombo chake kinaishia wapi. Na ukimkosea mtu, mwambie angali anakusikia.

Mdogo wangu mmemwona, amekaa pale karibu na mlango. Ndiye aliyemuuguza mama, ndiye anayelea wale watoto. Haya niliyosema hakuyajua, ameyasikia leo pamoja na ninyi. Mdogo wangu, ile mifuko ilikuwa yangu. Mama nilimficha mpaka akaingia kaburini. Wewe sitaki kukuficha.