Pipa la Musau

Benchi lililo mkabala na geti la kiwanda, kule mtaa wa Baba Dogo, hukaliwa na watu watatu, na wa nne akiwa mwembamba. Jumapili hiyo baada ya ibada walikuwa watatu: Ndolo, karani wa mahakamani, aitwaye Wakili, Odero, fundi wa mabomba, ambaye kwa kulisifu ziwa la kwao alibandikwa jina la Nahodha, na katikati yao Musau, Kapteni Pipa. Kiwanda hicho hutengeneza vifaa vya wazamiaji: suti za mpira, mapezi ya kuvaa miguuni na miwani mikubwa ya kutazamia samaki. Kwa miaka kumi na tisa hakuna miwani iliyotoka getini kabla Musau hajaivaa, akazamisha uso ndani ya pipa la maji na kuhesabu hadi thelathini. Ikivuja tone moja, inarudi kwa fundi. Alama ya duara imemganda usoni. Mkewe, Muthoki, huiita pete ya ndoa yake ya pili. Kahawa ya tangawizi ilimiminwa na Nafiso, ambaye ilikuwa siku yake ya tatu tu na birika, tangu kaka yake Sakariye, mwenye kuuza kahawa hapo, aende Isiolo.

— Niaje, Kapteni? alianza Wakili. Nasikia mashine mbili zimefunikwa turubai.

— Tatu, alisema Musau, ambaye hakupenda mambo ya kukadiria. Imebaki moja. Hoteli za pwani zimeacha kuagiza tangu Januari, vitu vya kutoka nje ni nusu ya bei yetu, na benki imetupa hadi mwisho wa mwezi.

Wakili alimpigapiga begani.

— Mfa maji haachi kutapatapa. Yaani, usife moyo.

— Buda, hiyo ni methali ya mtu anayekufa! alisema Musau.

— Lakini si anatapatapa?

Nahodha alikohoa kikohozi chake cha mtu wa maji.

— Shida si bei. Shida ni samaki. Wageni wameshawaona wote. Ukishamwona kasa mara mbili, wa tatu unamlipia nini?

— Zii. Shida ni simu, alisema Wakili. Mtu amelala kwake Ulaya, papa anaogelea kiganjani. Alowe kwa nini?

— Na samaki wenyewe wamechoka kutazamwa. Wamehamia chini zaidi.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ndiyo hivyo! Wazungu siku hizi hawainami, wana migongo mibovu.

— Basi wauzie hapa hapa, Kapteni. Wakata vitunguu wa soko la Burma! Kila kibanda cha nyama choma kina mtu wa kachumbari, analia tangu asubuhi kama aliyefiwa. Mvishe miwani.

— Na mchomaji je, na ule moshi? Mbili kwa kila kibanda!

— Mapezi ni ya mvua za Aprili. Barabara hii ikifurika, mtu anavaa, anapiga mbili tatu, yuko kazini.

— Na suti ya mpira avae nani? aliuliza Musau.

— Si wewe, Wakili? alidakia Nahodha. Ile baridi ya Julai huko mahakamani! Jaji akiingia, unasimama ukimeta kama kambale.

Musau alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali yake ya kanisani. Tangu Ijumaa alikuwa amebeba neno kifuani. Sasa, kwa kuwa moyo ulikuwa umelegea, likatoka lenyewe.

— Kuna njia. Mwenye shule ya kuzamia huko Diani anataka vifaa vya mwaka mzima. Lakini kwanza avione vikitumika, baharini, kwa macho yake. Akiridhika, mashine zote zinafunuliwa. Mkurugenzi amenichagua mimi nikamwonyeshe. Treni ni Alhamisi, saa mbili asubuhi.

— Wewe!

— Alisema mbele yetu sote ishirini na watatu: “Ni nani hapa amekaa majini kumshinda Musau?” Wakapiga makofi.

— Haki yako! Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Nahodha. Yaani ukirudi, utarudi na mkoba mzito.

Musau alikuwa ameshapiga hesabu. Miwani elfu arobaini, sekunde thelathini kila moja: siku kumi na tatu na zaidi, uso wake ukiwa majini. Ilikuwa hesabu sahihi. Ndiyo maana Ijumaa hakuona la kupinga.

Nafiso, aliyekuwa akisuuza vikombe, alimgeukia Musau.

— Baba Kanyiva, samahani, mimi ni mgeni hapa. Unajua kuogelea?

Musau alilitazama geti. Wakili alimtazama Nahodha, kwa kuwa kama kulikuwa na jibu lingetoka ziwani.

— Msinitazame mimi, alisema Nahodha polepole. Mimi nilizaliwa hapa hapa mjini, Makongeni.

— Na ziwa?

— Nimeliona mara mbili. Tukienda matanga. Kwa mbali.

Wakili alimnyooshea Nafiso kikombe chake. Nafiso aliinamisha birika. Yakatoka machicha ya tangawizi tu.

— Pipa lina futi tatu, alisema Musau hatimaye. Nikisimama linanifika kiunoni.

Akaanza kucheka yeye kwanza, na benchi zima likatikisika.

Nahodha alisimama, akakunja suruali hadi magotini.

— Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Tuna siku tatu.

— Za nini?

— Za kutafuta pipa kubwa zaidi.