Mashine ya Kupumulia Safarini

Kwenye behewa la treni ya asubuhi, mshonaji mmoja alijifanya anakunja pindo la sketi, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mkaguzi wa shule, mtu wa safari kila wiki, alikuwa akimweleza jirani yake, fundi rangi aliyestaafu, kwamba daktari amegundua pumzi yake mwenyewe hukatika usingizini. Sasa anachagua mashine ya kupumulia.

"Ipo ndogo, inaingia mkobani na ina betri, lakini inavuma," alisema. "Ile kubwa haina kelele, ila kuibeba ni kama kuhama nyumba."

"Ndugu yangu, hizo ni biashara za watu," fundi rangi alimkatiza. "Kukoroma ndiyo usingizi mtamu. Mke wangu kahamia chumba cha watoto, na mbona mimi mzima?"

Mkaguzi akaanza habari za barakoa ya mashine, ile ya kuvaa puani, lakini hakufika mbali. Mwenzake alikuwa ameshalala, anakoroma kama msumeno. Ghafla, kimya. Kifua kimetulia tuli. Mshonaji aliacha sindano, akanyoosha mkono amtikise. Kabla hajamgusa, mzee alishtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

"Baba, nenda hospitali," mshonaji alimsihi. "Pumzi yako imekatika usingizini!"

"Si ndiyo ugonjwa anaousema huyu?" fundi rangi alijibu, akimwonyesha mkaguzi kwa kidole. "Mwonee huruma, mwanangu. Anaumwa."

Treni ikasimama. Mzee akachukua mfuko wake, akashuka akipiga miayo.