Mita Ishirini za Kilometa ya 148

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, naomba utulivu niwasomee maisha ya baba yetu, mimi kifungua mimba wake.

Baba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948, mtoto wa pili wa seremala, akasoma hadi darasa la nane, na tarehe 2 Januari 1970 akaajiriwa na shirika la reli kupima njia na kusimika nguzo za kilometa, ndiyo maana mtaani mlimwita Bwana Nguzo. Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa mama, fundi cherehani, baada ya kumweleza kwa fahari kwamba kutoka kwake hadi kwao ni mita mia tatu na arobaini, kazipima mara mbili. Mama anasema alimkubali ili apumzike kupima. Walijaliwa watoto wanne.

Kazini, kila futikamba ya mita ishirini ilipolazwa kwenye reli, Baba alihamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, zikitimia hamsini, nguzo inasimikwa. Tarehe 9 Machi 1979, wakipima kilometa ya 148, alifikishiwa habari kwamba nimezaliwa, akarukaruka kwa furaha, akasahau kuhamisha kokoto, kilometa ile ikazidi mita ishirini, na nguzo thelathini na moja, kuanzia hiyo hadi ya mwisho, zikawa si mahali pake.

Aligundua mwezi Juni, aliporudia vipimo. Msimamizi wake alimsihi auchune, kwamba mita ishirini hazimuui mtu, na mwenye mtoto mchanga hachezei ajira. Baba alimfikiria dereva anayetazama nguzo ajue wapi aanze kufunga breki kabla ya daraja, roho ikakataa, akajishtaki mwenyewe kwa barua. Alisimamishwa kazi miezi miwili, cherehani ya mama ikatulisha, na aliporudishwa alizing'oa nguzo zote akazisimika upya. Alistaafu mwaka 2008 akiwa mkuu wa vipimo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, na tarehe 11 Juni 2022, saa nne asubuhi, akatutoka akiwa hospitalini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala kwetu zamu kwa zamu, na wafanyakazi wenzake wa reli.

Wiki yake ya mwisho nilimwomba radhi, kwa utani, kwa kumponza siku ile. Alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akaniambia kwamba angerudishiwa siku hiyo angesahau tena, na nguzo angezing'oa tena.

Pumzika kwa amani, Baba yangu.