Shangazi Aliyewasikiliza Vyura

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchota maji, kuyapima na kutugombeza, mchukua sampuli wetu, ambaye maabara nzima inamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Viatu vyake vya mpira vimeshagombewa na watu watatu, na havimtoshi hata mmoja.

Aliajiriwa kuosha chupa. Mwaka wa pili akaziosha kwa sabuni ya kufulia, akazisuuza juujuu, na majibu yakaonyesha kinamasi kizima, kinachoupa mji maji, kimejaa fosfeti, kemikali iliyomo kwenye sabuni. Mtambo wa maji ukafungwa siku mbili, mji ukabaki kuoga maji ya akiba. Hakusubiri kuulizwa, alimfuata meneja mwenyewe akasema kosa ni lake. Tangu hapo kila chupa husuuzwa mara tatu, na ole wako akukute umeishia mbili.

Utani wa sabuni, hata hivyo, ulimganda. Miaka tisa iliyopita alirudi kutoka kinamasini akasema vyura wamenyamaza na vifaranga vya korongo vinakufa njaa. Tulimcheka. Mashine ilisema maji ni safi. Shangazi alinuna siku moja tu, kisha akagundua jambo lililotupita sisi wenye shahada: tulikuwa tunachota maji Jumatatu, na wapuliza dawa mashambani walikuwa wanaoshea matangi yao Jumamosi katika mto unaoingia kinamasini. Kufikia Jumatatu sumu imeshapita na mkondo, lakini chura, ambaye ngozi yake hunywa chochote kilichomo majini, ameshapata fungu lake.

Akaenda Jumamosi, siku yake ya mapumziko, mumewe akimbebea kasha la barafu na kulalamika njia nzima. Majibu yakaonyesha sumu tele. Wapulizaji wakajengewa karo la kuoshea matangi mbali na mto, na msimu wa tatu kinamasi kikaanza tena kupiga kelele. Korongo nao wakarudi. Ila aina moja ya chura, yule mdogo wa kijani, hajaonekana hadi leo, na Shangazi bado humtafuta.

Ripoti iliyosema maji ni safi niliisaini mimi. Alituambia mwezi Machi, tukamwamini Novemba. Katika miezi hiyo ndimo alimopotelea yule wa kijani.

Shangazi, asante kwa kutusubiri. Niwie radhi kwamba nasema haya leo, unapoaga. Tunakutakia afya njema, usingizi mnono na ustaafu wenye kelele nyingi za vyura.