Mama Dira, Aliyesoma Sumaku ya Dunia Kwenye Mawe

Ndugu, jamaa na marafiki, huyu tunayemsindikiza ni mama yetu, wengi mkimwita Mama Dira.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, nyuma ya karakana ya babu yetu mfua vyuma, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Utotoni aliburuta sumaku ya spika mbovu sakafuni, akazoa unga wote wa chuma. Bibi alikuwa akisema, "Huyu anafagia bila ufagio."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959, sekondari ya wasichana kuanzia 1966, na mwaka 1975 akahitimu shahada ya jiolojia.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa miamba. Kazi yake ilikuwa kutoboa lava ya kale. Lava inapopoa, chembe za chuma ndani yake huganda zikielekea kule sumaku ya dunia inakovuta wakati huo. Mama alipima tabaka moja, chembe zake zikaelekea kaskazini; za tabaka la chini yake, kusini. Tangu 1983 alitafuta tabaka lililoganda sumaku ikiwa katikati ya kugeuka.

Baba alikuwa dereva wa taasisi. Mama alimkuta ameweka dira juu ya boneti, akishangaa kaskazini imehama. "Kaka dereva, hiyo inafuata chuma cha gari lako. Ishushe chini." Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1979.

Mwaka 1991 ulivuma uvumi kwamba dunia itapinduka. Jirani yetu, fundi cherehani, akafunga duka. Mama alimketisha jikoni, sufuria ikichemka.

"Dunia haipinduki, dada. Kinachogeuka ni sumaku yake. Huko chini kabisa kuna chuma kilichoyeyuka, kinapanda na kushuka kama maji haya, huku dunia ikikizungusha. Mwendo huo unazalisha umeme, na umeme unazaa sumaku. Mara chache mtiririko unavurugika, sumaku inafifia, kisha inajijenga upya, pengine kwa kuelekea upande wa pili. Inachukua maelfu ya miaka."

"Kwa hiyo nifungue duka?"

"Fungua. Gauni langu liko kwako tangu mwezi uliopita."

Mwaka 2015 moyo wake ulianza kusuasua, akawekewa kifaa cha kuongoza mapigo. Daktari akamkataza kukaribia sumaku kali. Mashine za maabara zina sumaku kama hizo, kwa hiyo alirudisha funguo, akarudi nyumbani akilia, naye si mtu wa kulia. Kulikuwa bado na mawe hayajapimwa. Baba, ambaye mawe hakuyapenda hata siku moja, akaomba ruhusa taasisini, akajifunza mashine hizo. Kila Ijumaa alisimama dirishani mwa maabara akimsomea vipimo, mama akiwa kwenye benchi la nje.

Ijumaa moja ya 2019 alisoma kipimo, mama akasema, "Rudia." Akarudia. Mama akafunga daftari. "Basi, baba watoto. Ndilo hilo tabaka lenyewe."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wawili, na fundi cherehani, aliyemshonea nguo aliyoivaa leo. Baba ameshindwa kusimama hapa. Ametuomba tumwambie mama asante.

Mungu ampokee, ampe usingizi mwema.