Arobaini kwa Arobaini

Teksi yetu iliyojaa abiria ilipotoka Bwaise, mama mwenye barua ya uhamisho ya bintiye alikuwa akiisifu shule mpya ya binti huyo kwa seremala aliyeketi kando yake. "Walifanya mtihani arobaini, wakafaulu arobaini. Shule ya mtaani kwetu walifeli kumi na tisa!"

Takwimu zake zilikuwa sahihi, nilizisoma gazetini.

"Nyabo, mmoja wa hao kumi na tisa ni wangu," seremala akasema. "Alisoma hiyo shule yako miaka sita. Usajili wa mtihani ulipokaribia wakasema ni mzito wa kuelewa, nikamwandikishe mtihani kwenye hiyo shule ya mtaani kwenu."

"Ssebo, wangu si mzito."

"Hata wangu hakuwa, mpaka darasa la saba."

Teksi ikasimama langoni pa shule hiyo mpya. Mama akashuka, lakini mlango hakuuachia.

"Nyabo, funga twende," kondakta akasema.